Pandisheni ada, lakini semeni ni ya nini: barua ya wazi kwa kamati ya chama chetu cha redio za ridhaa

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji,

Ndugu zangu,

Nianze kwa kukiri jambo ambalo lingetosha kunifanya ninyamaze. Nyongeza ya ada mnayoipeleka kwenye mkutano mkuu hainigusi hata kwa senti moja. Mimi ni mwanachama wa maisha wa chama hiki cha watu wanaopiga redio kwa mapenzi tu, si kwa biashara. Nililipa mara moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, nikapewa cheti na beji, na tangu siku hiyo chama kinanitumia jarida, kinanipokelea kadi za QSL, zile tunazotumiana kuthibitisha kwamba tumesikilizana hewani, na kunihesabu kwenye orodha yake bila kunidai chochote. Kwa hiyo atakayesema naandika kwa uchungu wa mfuko, amekosea mtu. Naandika kwa sababu nimeisoma taarifa yenu mara tatu, na kila nikifika mwisho najikuta na swali lile lile: hizi fedha za ziada ni za nini?

Mnapendekeza ada ya mwaka ipande kwa nusu, yaani aliyekuwa akilipa 100 sasa alipe 150. Sababu mmezibana katika aya moja: karatasi imepanda, posta imepanda, na ada haijaguswa kwa miaka kumi. Yote hayo ni kweli. Hilo la miaka kumi hata mmelisema kwa upole mno. Chukueni bei zinazopanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka. Baada ya miaka kumi kitu kilichouzwa 100 kinauzwa karibu 163. Maana yake ile ada isiyoguswa ilikuwa ikimegwa kila mwaka, kimya kimya, kama panya anayeuma huku anapuliza, hadi 100 ya leo inanunua kile ambacho 61 ilinunua wakati ule. Na waliokuwa wakiimega si nyinyi. Ni sisi tuliokuwa tukisimama kila mkutano mkuu kupinga nyongeza, tukapigiwa makofi. Nilikaa kwenye kamati vipindi viwili, na mara zote mbili suala la ada lilipoletwa mezani tulilisogeza mbele, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu na hakuna aliyetaka kukumbukwa kuwa ndiye mtu wa ada. Kwa hilo sina pa kuwalaumu. Mmerithi deni letu.

Ninachopinga ni jinsi mnavyoinadi nyongeza hii. Mmeinadi kwa jarida.

Mwaka jana kijana mmoja, fundi wa umeme, alifaulu mtihani wa leseni baada ya kuhudhuria darasa letu la jioni kwa miezi minne. Siku aliyopata alama yake ya mwito, yaani jina lake la hewani, tulimzunguka kama arusi. Nikatoa fomu ya uanachama kwenye mkoba. Akaipokea, akaisoma mbele na nyuma, kisha akauliza kwa adabu kabisa: "Mzee, nikijiunga napata nini?" Tulikuwa watu saba pale, na jumla ya miaka yetu hewani inapita mia mbili. Sote tukajibu kwa sauti moja: "Unapata jarida." Kijana akatoa simu mfukoni, akanionyesha michoro ya antena, video za kutengeneza redio, mijadala ya vipokezi vinavyoendeshwa kwa programu ya kompyuta, vyote bure. "Haya yapo humu," akasema. Hakuwa anatubeza. Alikuwa anangoja tumwambie kitu kingine, nasi hatukuwa na cha kusema.

Tulikuwa nacho, sema hatujazoea kukisema. Ndicho ambacho hata taarifa yenu haikukitaja popote, kwa hiyo naomba mniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Masafa ya mawimbi ya redio tunayopigia si mali yetu. Yamegawanywa katika Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, na kanuni hizo hurekebishwa na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, WRC, unaoitishwa kila baada ya miaka mitatu au minne. Kila bendi, yaani kila kipande cha masafa, unayoizungusha kwenye kitufe cha redio yako ipo kwa sababu mtu fulani alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali wiki nzima akabishania aya moja. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1979 ndio uliotupa bendi za megahezi 10, 18 na 24. Ule wa mwaka 2003 ndio ulioamua kwamba kilohezi 7100 hadi 7200, ambazo nje ya bara la Amerika zilikuwa zimejaa vituo vya matangazo, zirudi kwetu, na tukazisubiri hadi Machi 2009 watangazaji wahame. Mkutano huo huo uliziachia nchi ziamue zenyewe kama mtahiniwa lazima ajue alama za Morse. Yule fundi wetu alipata leseni bila kupiga nukta wala mstari, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia nani alimfungulia mlango huo.

Hayo ni ya kupewa. Ya kunyang'anywa yanafundisha zaidi. Mwaka 2019 Ufaransa ilipendekeza katika vikao vya Ulaya kwamba megahezi 144 hadi 146 zichunguzwe kwa matumizi ya vyombo vya anga. Hiyo ndiyo bendi ya mita 2, jamani, bendi ambayo karibu kila mmoja wetu alianzia, yenye ripita zetu za kurushia mawimbi upya na neti zetu za dharura, yaani mikutano yetu ya hewani! Vyama vya taifa vikaanza kugonga milango ya mamlaka za nchi zao, kimoja baada ya kingine, na miezi michache baadaye pendekezo likaondolewa. Mwaka huo huo, kwenye WRC ya Sharm el-Sheikh, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zikapatiwa nafasi katika megahezi 50. Kisha ikaja WRC ya Dubai, mwishoni mwa 2023, ambako bendi ya megahezi 1240 hadi 1300 iliwekwa kitimoto kwa sababu mifumo ya setilaiti ya kuongozea safari, Galileo ikiwemo, inapokea mawimbi yake humo humo. Hatukufukuzwa. Tulitoka na mwongozo wa viwango vya nguvu na sehemu za kukaa, baada ya miaka kadhaa ya vipimo, makaratasi na vikao. Mkutano ujao ni 2027.

Watu wanaokaa kwenye vikao hivyo kwa niaba yetu wanatoka IARU, muungano wa vyama vya redio za ridhaa ulioanzishwa Paris mwaka 1925, na wengi wao wanajitolea. Lakini sikilizeni hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. IARU haina kura. Wanaopiga kura WRC ni nchi. Mtu wa IARU anaweza kuzungumza na kushauri hadi koo likauke, ila mkono unaoinuliwa ni wa ujumbe wa serikali, na ujumbe huo husikiliza nani? Husikiliza aliyewatembelea ofisini miaka mitatu kabla, akiwa na waraka uliopangwa vizuri na idadi ya wanachama anaowasemea. Kazi hiyo haifanywi na klabu ya mtaa, wala na chaneli ya video, wala na mimi nikiwa na redio yangu chumbani. Ni kazi ya chama cha taifa peke yake, na chama kisipoifanya, hakuna atakayeifanya.

Sasa, taarifa yenu ina maneno "jarida" na "uchapaji" mara kumi na moja. Nimehesabu. Neno "masafa" halimo.

Mnaona tatizo linapoanzia? Mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba ada ni bei ya jarida ataipima ada kwa jarida. Atahesabu kurasa. Atalinganisha na magazeti mengine. Jarida likipungua kurasa nane halafu ada ikapanda kwa nusu, huyo mtu haoni chama kinachopigania masafa yake; anaona muuzaji aliyepunguza kipimo na kuongeza bei. Kwenye neti ya asubuhi ya mita 40, siku mbili baada ya taarifa yenu kutoka, nilimsikia bwana mmoja ninayemheshimu, hewani miaka thelathini, akisema: "Kwa bei hiyo mimi nitasoma la jirani." Watu wakacheka. Mie sikucheka, kwa sababu jirani yake naye alikuwa kwenye neti hiyo hiyo akisema ataacha.

Tuiweke kwenye hesabu. Chukueni chama chenye walipaji 900, kila mmoja analipa 100. Kinapata 90,000. Pandisheni hadi 150. Wakibaki wote, mnapata 135,000, na naamini ndiyo namba iliyo kwenye bajeti yenu. Akiondoka mmoja kati ya kila watano, wanabaki 720, mapato ni 108,000. Nyongeza ya nusu imezaa ongezeko la sehemu moja ya tano tu. Wakiondoka theluthi, wanabaki 600, nanyi mmerudi kwenye 90,000 zile zile, safari hii mkiwa na watu mia tatu pungufu. Na gharama hazipungui kwa kiasi hicho. Karatasi na stempu zitapungua, sawa. Lakini mhariri halipwi kwa idadi ya nakala, pango la ofisi halijui wanachama ni wangapi, wala mkaguzi wa hesabu hatatoza kidogo kwa kuwa tumepungua. Hasara kubwa zaidi haimo kwenye daftari kabisa: siku mtakapokwenda mamlaka ya mawasiliano kusema "tunawakilisha wanaredio wa nchi hii", afisa atauliza ni wangapi.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, mengine yote yanalizunguka hilo. Litenganisheni jarida na ada.

Ada iwe ya chama: uwakilishi kwenye masafa, mchango wetu kwa IARU, mitihani na mafunzo, bima, kompyuta za ofisi, ripita za taifa, na ule mgogoro usioisha wa kelele zinazoingia redioni kutoka kwenye vibadilisha umeme vya sola na taa za bei rahisi. Kisha jarida la karatasi liwe na bei yake, pembeni, kwa anayelitaka. La kusomea kwenye skrini apewe kila mwanachama. Mtu akifungua fomu aone mistari miwili badala ya mmoja. Akikataa jarida, hajakikataa chama.

Sijabuni mimi. ARRL ya Marekani, chama kilichoanza 1914 na kinachotoa jarida lake la QST tangu 1915, kilifanya hivyo kuanzia Januari 2024: ada ilipanda kutoka dola 49 hadi 59, na anayetaka jarida la kuchapwa akaongeza dola 25. Walipigiwa kelele, na baadhi ya kelele hizo zilikuwa za haki. Lakini angalau mwanachama alijua alicholipia. Tena kumbukeni kilichowapata Mei mwaka huo huo, wadukuzi walipovamia kompyuta zao. Wakaishia kuwalipa dola milioni 1, sehemu kubwa ikibebwa na bima. Nalitaja kwa faida yenu. Kama sehemu ya nyongeza mnayoomba ni ya kuziba matundu kwenye mifumo yetu, ambayo kwa jinsi ninavyoifahamu ilifungwa na mtu wa kujitolea aliyekwisha kuhamia nchi nyingine, semeni. Hilo ni jambo ambalo watu watalilipia wakielezwa.

Najua jibu la mhariri, ameshanipa kwa simu. Gharama kubwa ya jarida ni ya nakala ya kwanza: kuandika, kuhariri, kupanga kurasa. Nakala zikipungua, gharama hiyo inabebwa na wachache, kila mmoja analipa zaidi, wafanyabiashara wanaotangaza humo nao wanashusha malipo kwa kuwa wasomaji wa karatasi wamepungua, na mwishowe jarida linakufa. Inawezekana. Mimi ni mpenzi wa karatasi, nina rafu nzima ya matoleo ya zamani ambayo mke wangu ameshayafanyia mazishi mara kadhaa moyoni mwake, na jarida likifa nitahuzunika. Ila nauliza: kama linaweza kuishi tu kwa kumlipisha asiyelisoma, je, tayari si mgonjwa? Na mgonjwa huyo akiendelea kufungwa kamba moja na masafa, siku atakayoanguka ataangukia nani?

Sasa nije kwetu sisi wa maisha, mahali ambapo najua nitachukiwa.

Bei ya uanachama wa maisha niliyolipa ilikuwa ada ya miaka ishirini. Kimahesabu ni jambo linalowezekana: ukiiweka fedha hiyo mahali inapozaa asilimia 5 kwa mwaka, faida ya kila mwaka inakuwa sawasawa na ada moja, na mtaji unabaki. Ndivyo ilivyokusudiwa. Fedha za wanachama wa maisha zingekaa kwenye mfuko wake, zisiguswe, faida tu ndiyo itumike. Ada ikipanda, faida hiyo haitoshi tena, lakini angalau kuna kitu.

Nimeitafuta mizania ya mwaka jana, nikautafuta mstari wa mfuko huo. Haupo. Nikarudi nyuma miaka mitano, haupo. Nikazungumza na mzee mmoja aliyewahi kuwa mweka hazina, akacheka kidogo, akaniambia kwamba mfuko ulikuwepo, ila mwaka mmoja kulikuwa na pengo la kodi ya ofisi, mwaka mwingine mashine ya kuchapia iliharibika, basi ukachukuliwa "kwa muda". Sisemi mtu aliiba. Nasema fedha hizo zililiwa na matumizi ya kawaida, kamati baada ya kamati, huenda na za kwangu zikiwemo mikononi mwangu nilipokuwa humo. Sikuuliza wakati ule. Nilipaswa kuuliza.

Kwa maneno mengine, miaka ishirini niliyoilipia imekwisha mwaka juzi. Na hapo nimejipendelea, maana ada ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko hii ya sasa, basi huenda iliisha zamani zaidi. Tangu hapo jarida linalofika mlangoni kwangu kila mwezi linalipiwa na mwingine. Analipiwa mzee mwenye redio tatu na mnara wa mita kumi na tano. Anayelipa ni mtu wa umri wa yule fundi. Nyinyi mnataka huyo alipe nusu zaidi.

Ahadi ni ahadi, na mimi sisemi mfute uanachama wa maisha wa mtu yeyote. Mkijaribu, nitakuwa wa kwanza kwenda na katiba mkononi. Lakini ahadi ilikuwa ya uanachama. Jarida la karatasi mkishalitenga, mnayo haki ya kutuomba tulipie karatasi na stempu kama wengine, na naamini wengi wetu tutakubali tukiulizwa kwa heshima. Asiyeweza aseme hawezi, apelekewe, basi. Kisha simamisheni kuuza uanachama wa maisha hadi mfuko wake ufunguliwe upya na ulindwe kwa kipengele cha katiba. Kuendelea kuuza sasa, wiki chache kabla ya ada kupanda, ni kuwakaribisha wenye uwezo waikimbie nyongeza kwa mlango wa nyuma huku nyinyi mkishangilia mapato ya mwaka mmoja.

Kuhusu mapunguzo nitasema kwa ufupi. Mmeacha punguzo la wazee kama lilivyo na kulipunguza la wanafunzi. Nikigeuka kutazama vichwa kwenye ukumbi wa mkutano mkuu naona mvi mwanzo hadi mwisho, na nje kwenye maegesho naona magari yetu. Punguzo linalotolewa kwa walio wengi si punguzo, ni bei. Mpeni nafuu mwenye shida, awe na miaka 19 au 79, na mruhusu watu walipe kwa awamu. Kwa asiye na mshahara wa uhakika, 150 kwa mkupuo Januari na 12.50 kila mwezi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu kuna hili la namna jambo lilivyoletwa, ambalo limenikera kuliko nyongeza yenyewe. Ajenda ya mkutano mkuu ina vipengele tisa. Cha tatu ni kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, cha saba ni zawadi za mashindano, na ada ya wanachama wote wa nchi hii imewekwa kwenye cha tisa, "Mengineyo". Mengineyo! Mahali tunapojadili nani amesahau mwavuli. Kila aliyewahi kuhudhuria anajua kwamba tukifika hapo nusu ya watu wameshaondoka kuwahi usafiri na akidi inahesabiwa kwa kufumba jicho moja. Sidhani mlikusudia ujanja. Nadhani mliona aibu, kama sisi tulivyoona aibu miaka ile, tofauti ni kwamba sisi tuliliahirisha na nyinyi mmelificha. Mficha uchi hazai. Litoeni hapo, liwe kipengele cha pili, mara tu baada ya kufungua, watu wakiwa bado na nguvu za kubishana.

Na kabla ya siku hiyo tupeni namba. Siombi ripoti ya kurasa sitini. Nataka kujua nakala moja ya jarida, mpaka inagonga mlango wangu, inagharimu kiasi gani baada ya kutoa mapato ya matangazo. Nataka kujua mwaka jana tulitumia kiasi gani kwenye kazi ya masafa: safari, ada ya IARU, vipimo, vikao na mamlaka. Nina wasiwasi namba hiyo itatutia aibu kwa udogo wake, na ndiyo sababu naitaka. Nataka pia kujua wangapi kati yetu wanalipa kila mwaka na wangapi ni wa maisha kama mimi, kwa sababu hesabu yoyote ya nyongeza isiyotenganisha makundi hayo mawili ni ya kukisia. Mali bila daftari, wahenga walishasema, hupotea bila habari, na yetu imeshapotea sehemu.

Mkishatuonyesha hayo, na namba zikathibitisha kwamba ada ya chama peke yake, bila jarida, inapaswa kupanda, nitasimama kuiunga mkono. Nitasema hivyo kwenye kipaza sauti, na kama kuna watakaonizomea, nimeshazomewa hewani na watu wenye antena kubwa zaidi. Ningependa tu isije kwa pigo moja. Wekeni kwenye kanuni kwamba ada inapanda kila mwaka kwa kadiri bei zilivyopanda, isipokuwa mkutano mkuu ukikataa kwa kura. Hapo hakuna kamati itakayolazimika tena kuwa jasiri, maana historia inaonyesha kamati zetu, yangu ikiwemo, si hodari wa ujasiri. Kama pengo la sasa ni kubwa mno, lizibwe kwa miaka mitatu na mseme wazi kila hatua inakwenda wapi.

Kwa upande wangu, kuanzia toleo lijalo msinitumie jarida la karatasi. Nileteeni bei yake halisi, nitalipa, nanyi mtaanza tena kunitumia. Kadi zangu za QSL nazo pimeni uzito mnidai posta. Mwaka jana zilikuwa zaidi ya kilo moja na nusu, mimi mwenyewe nilizipima, na hakuna sababu ya mwanafunzi kunilipia fahari yangu ya mashindano.

Kuhusu yule fundi, bado hajajiunga. Anapatikana hewani karibu kila jioni, sauti yake safi, mkono wake mzuri kwenye kurekebisha antena za wengine. Nilimweleza habari ya Geneva, ya mita 2 na ya Dubai, kama nilivyowaeleza hapa, tukiwa juu ya paa tunafunga waya. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza: "Kwa hiyo hiyo ada ndiyo inayokwenda huko?" Nikamwambia nitawauliza wenyewe. Fomu yake ninayo kwenye droo, imejazwa yote isipokuwa tarehe na saini.

73 (salamu zetu za kuagana hewani),

Mwanachama wa maisha, na mjumbe wa zamani wa kamati yenu